Maswali Yenu: Siad Barre Alivyoishika Somalia Miaka 21, na Ilivyomponyoka

Toleo lililopita tulimtaja kwa mistari michache tu Jenerali Mohamed Siad Barre, aliyeitawala Somalia tangu Oktoba 1969 hadi Januari 1991. Mistari hiyo imetuletea kapu zima la barua, nyingi zikitoka Kisauni, Bondeni na Mji wa Kale, mitaa ya Mombasa iliyopokea wakimbizi wa Somalia waliokuja kwa majahazi mwaka ule wa 1991. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha. Matusi, ya pande zote, tumeyaacha mezani.

Salaam aleikum. Wazee wa barazani kwetu wasema Siad Barre alimuua rais aliyekuwako ndipo akakalia kiti. Ni kweli? Na nchi nzima huchukuliwaje usiku mmoja bila vita? (Msomaji, Kisauni)

Wa aleikum salaam. Wazee wamechanganya matukio mawili yaliyopishana siku sita. Rais Abdirashid Ali Sharmarke alipigwa risasi Las Anod, kaskazini, tarehe 15 Oktoba 1969. Aliyempiga alikuwa askari polisi wa ulinzi wake mwenyewe. Jeshi lilichukua nchi alfajiri ya tarehe 21, siku moja baada ya mazishi.

Lakini ukitaka kujua kwa nini hakuna aliyenyanyuka kuitetea serikali ya kiraia, rudi nyuma hadi uchaguzi wa Machi mwaka huo huo. Vyama vilikuwa zaidi ya 60, wagombea zaidi ya 1,000, na viti 123 tu. Kila ukoo mdogo ulikuwa na chama chake. Kura zilipokwisha, wabunge wa vyama vidogo walihamia chama tawala, Somali Youth League, kila mmoja akifuata fungu lake, hata bungeni akabaki mpinzani mmoja. Hilo ndilo bunge lililotakiwa kumchagua rais mpya. Waziri Mkuu Mohamed Haji Ibrahim Egal, aliyekuwa ziarani Marekani, alirudi mbio kupanga mgombea. Usiku wa tarehe 20 chama kikaafikiana jina. Kabla jina halijafika bungeni, yapata saa tisa za usiku, vifaru vilikuwa vimeshatoka kambini.

Kazi yenyewe ilifuata utaratibu unaojulikana. Kwanza walimaliza suala la polisi: mkuu wao, Jenerali Jama Ali Korshel, aliingizwa katika mpango, basi hapakuwa na bunduki nyingine za kupigana nazo. Hii ndiyo hatua ambayo wapinduzi wengi huisahau, na ndiyo inayomwaga damu. Wakashika redio, wakawakamata mawaziri majumbani mwao, Egal akiwemo, kisha wakavunja bunge, wakaifunga Mahakama ya Juu na kuisimamisha katiba. Baraza Kuu la Mapinduzi la maafisa 25 wa jeshi na polisi likatangazwa, Barre mwenyekiti. Watu Mogadishu walishangilia, na tusiwalaumu.

Barre mwenyewe alikuwa polisi kabla ya kuwa mwanajeshi. Alianzia katika polisi wa Waitaliano, akapanda vyeo chini ya Waingereza walioishika Mogadishu tangu 1941, na ukuu wa jeshi aliupata 1965 aliyemtangulia alipofariki. Wapangaji wengi wa mapinduzi walikuwa maafisa vijana waliosomea Urusi, nao walihitaji jina kubwa la kutanguliza mbele. Walilipata. Korshel alikamatwa mwaka uliofuata, na Julai 1972 Salaad Gabeyre na Mohamed Ainanshe, wote wajumbe wa lile Baraza, walipigwa risasi hadharani.

Mbona Wasomali huandika "Cali" wakasoma Ali, na "Xasan" wakasoma Hassan? Nimeambiwa ni amri ya Siad Barre. (Mwalimu, Mji wa Kale)

Ni amri yake, na kwetu sisi ndilo jambo jema kuliko yote aliyoyafanya.

Somalia ilipata uhuru 1960 ikiwa na lugha moja ya kusema na lugha tatu za kuandikia: Kiarabu, Kiitaliano na Kiingereza. Karani wa Hargeisa na mwenzake wa Mogadishu, wote Wasomali, hawakuweza kusomeana majalada. Tume zilikaa, zikashindwa, kwa kuwa kila hati ilikuwa na wenyewe. Masheikh walitaka hati ya Kiarabu. Wengine walitaka Osmaniya, hati iliyobuniwa na Msomali Osman Yusuf Kenadid miaka ya 1920, lakini ikaonekana ni ya ukoo mmoja. Waliotaka herufi za Kilatini walipigiwa kelele barabarani kwa mchezo wa maneno ambao msomaji wa Mombasa haitaji kutafsiriwa: "Laatiin waa laa diin", Kilatini ni kutokuwa na dini.

Serikali ya kiraia isingaliweza kulikata shauri hilo. Jenerali alilikata. Tarehe 21 Oktoba 1972, mwaka wa tatu wa mapinduzi, alitangaza Kilatini, na tangu Januari 1973 ikawa hati ya serikali. Watumishi walipewa miezi michache kujifunza, la sivyo kazi imekwenda. Herufi zenyewe zilipangwa kwa akili. Kisomali kina sauti za ain na ha nzito, ambazo Kilatini hakina; basi zikachukuliwa herufi zilizokuwa hazina kazi: "c" ikawa ain, "x" ikawa ha nzito. Irabu ndefu huandikwa mara mbili. Hakuna alama juu wala chini ya herufi, kwa hiyo mashine yoyote ya kupiga chapa ya Kiingereza ilitosha. Sisi wenye tenzi zilizoandikwa kwa Kiarabu, ambamo "p" na "b" mtu hubahatisha, twaweza kuionea wivu kazi hiyo.

Mwaka 1974 shule za sekondari zilifungwa, na wanafunzi pamoja na walimu wapatao 25,000 wakapelekwa kwa wafugaji wakiwa na ubao na chaki. Ukame mkubwa, ulioitwa Dabadheer, uliwakuta huko huko, na wengi wao wakaishia kuhesabu wenye njaa badala ya kufundisha alifu na be.

Nimesoma kuwa alipiga marufuku ukabila. Hapo hapo nasoma kuwa alitawala kwa koo tatu. Lipi ni lipi? (Msomaji, Majengo)

Yote mawili, na kwa wakati mmoja. Tutalieleza kwa kirefu, kwa sababu maswali mengine yote yaliyobaki yanatoka hapa.

Mwaka 1971 sanamu ya ukabila iliteketezwa hadharani. Kumwuliza mtu ukoo wake likawa kosa. Watu waliamriwa kuitana "jaalle", yaani mwenzangu, badala ya binamu. Diya, fidia ya damu, ya kulipwa na ukoo mzima ikafutwa. Wasomali, ambao mzaha haujawahi kuwapiga chenga, wakaokota neno la Kiingereza "ex", yaani wa zamani: ukitaka kumjua mtu wamwuliza, "Wewe ni ex nani?" Naye akajibu, na sheria haijavunjwa.

Ikulu, nako, hesabu ilikuwa ileile ya zamani. Herufi zake tatu zilinong'onwa tu: MOD. M ni Marehan, ukoo wa baba yake rais. O ni Ogaden, wajomba zake. D ni Dhulbahante, ukoo wa mkwewe Ahmed Suleiman Abdalla, mkuu wa Usalama wa Taifa. Marehan ni ukoo mdogo; peke yake usingeweza kutawala hata mkoa mmoja. Wajomba waliufikisha kusini na mpakani mwa Ethiopia, na wakwe wakauingiza kaskazini. Ni ndoa na nasaba zilizogeuzwa kuwa ramani ya kijeshi.

Mtambo wenyewe ulikuwa na tabaka. Usalama wa Taifa ulifunzwa na Warusi na uliweza kumshika mtu bila kumpeleka kokote. Sheria namba 54 ya Septemba 1970 ilitoza kifo kwa orodha ndefu ya makosa ya siasa, na Mahakama ya Usalama ilikuwa na wanajeshi ndani yake. Juu ya hao kukawekwa Hangash, wapelelezi wa jeshi. Kando yao Dabar Jabinta, tafsiri yake wavunja migongo, wa kuwapeleleza wanajeshi. Na kumlinda mzee mwenyewe, kikosi cha Bereti Nyekundu, wengi wao Marehan. Kila kimoja kilimwangalia mwenziwe. Afisa mdogo mwenye nasaba nzuri aliweza kufika Villa Somalia, ikulu, bila kupitia kwa kamanda wake, na kamanda alijua hivyo. Jeshi la namna hiyo halipindui serikali kwa urahisi. Tatizo ni kwamba halipigani vita pia, maana amri haiteremki: kila anayeipokea hujiuliza kwanza ametumwa na nani.

Malipo yalikuwa vyeo, leseni, na ardhi. Sheria ya ardhi ya 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola. Mkulima alitakiwa kuisajili apewe hati ya miaka 50. Usajili ulifanyika maofisini Mogadishu, kwa makaratasi. Wakulima wa mabonde ya Juba na Shebelle, wakiwemo Wagosha ambao baadhi yao husema Kizigula mpaka hii leo, waliamka wakakuta shamba la babu limeandikwa jina la afisa wasiyemjua.

Sasa kasoro ya mtambo. Unahitaji adui wa ndani kila mara, na kila ukoo unaoadhibiwa huondoka na maafisa wake waliosomeshwa kwa fedha za serikali. Aprili 1978 maafisa, wengi wao Majeerteen, walijaribu kupindua. 17 walipigwa risasi Oktoba. Adhabu haikuishia kwao. Bereti Nyekundu walikwenda Mudug wakabomoa mabirika ya maji ya Majeerteen, na katika nchi kavu ile, kumbomolea mtu birika na kumwua ni mamoja. (Wasomali huliita barkad, neno letu na lao lina mama mmoja, Kiarabu.) Kanali Abdullahi Yusuf alitoroka, akaanzisha chama cha silaha Ethiopia. Waisaaq, ukoo wa kaskazini, wakaunda chao, SNM, London mwaka 1981. Wahawiye, waliouzunguka mji mkuu wenyewe, waliunda USC mwaka 1989. Na mwaka huo huo wajomba, Waogaden, nao waliasi baada ya mtu wao, Waziri wa Ulinzi Aden Gabiyo, kuondolewa. O ikatoka katika MOD. Barre alibaki na ukoo wa baba, mwanawe Jenerali Maslah juu ya jeshi, na mkwewe mwingine, Jenerali Mohamed Said Hersi "Morgan".

Jeshi lililofika karibu na Harar mwaka 1977 lilishindwaje haraka vile? Ni Wakyuba tu? (Msomaji, Changamwe)

Wakyuba ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni vipuri, mafuta na hewa.

Somalia iliingia Ogaden, jimbo la Ethiopia linalokaliwa na Wasomali, Julai 1977, Ethiopia ikiwa inajichinja yenyewe chini ya mtawala wake Mengistu. Kufikia Septemba ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya jimbo, na Jijiga ikaanguka katikati ya mwezi huo pamoja na njia ya mlimani ya Marda. Mbele kulibaki miji miwili yenye maana, Harar na Dire Dawa. Hapo ndipo jeshi liliponasa. Vifaru vilikuwa vimetembea mamia ya kilomita kwa minyororo yake vyenyewe, na kifaru si lori: kinahitaji fundi na vipuri kila baada ya mwendo mfupi. Mafuta yalitoka mbali kwa barabara za vumbi. Angani, ndege za F-5 ambazo Wamarekani waliwauzia Waethiopia zamani zilizizidi MiG-21 za Somalia, kwa hiyo malori yaliyopeleka hayo mafuta yalisafiri bila mwavuli.

Katikati ya hali hiyo Barre akafukuza mwuzaji wake wa silaha. Tarehe 13 Novemba 1977 alivunja mkataba na Urusi, akawapa washauri wao siku saba waondoke, akavunja uhusiano na Cuba. Alitaraji Marekani ingeziba pengo. Marekani ilijibu kwamba haitoi silaha kwa nchi iliyo ndani ya mipaka ya mwenziwe. Fikiria kwa lugha ya karakana: gari zima ni la Kirusi, umelitenganisha njiani, umemfukuza fundi, na duka la vipuri ni lake.

Warusi walihamisha kila kitu upande wa pili kwa ndege na meli: vifaru, mizinga, washauri waliozijua mbinu za Wasomali kwa kuwa waliwafunza wao, na askari wa Cuba wapatao 15,000. Februari 1978 hawakuupanda mlima wa Marda uso kwa uso. Waliuzunguka kwa kaskazini, helikopta zikabeba magari ya deraya hadi nyuma ya mstari wa Wasomali. Jijiga ilirudi tarehe 5 Machi, na siku nne baadaye Barre akatangaza kuondoa majeshi. Lile jaribio la mapinduzi la Aprili tulilolitaja juu lilikuja mwezi mmoja baadaye, na halikuja kwa bahati.

Je, ni kweli nyota ya bendera yao ni pamoja na Garissa yetu? (Msomaji, Tudor)

Ncha tano: Somalia ya Waitaliano, Somalia ya Waingereza, Jibuti, Ogaden, na iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya. Bendera ni ya 1954, kabla ya Barre. Vita vya shifta, vya kutaka kuiunga wilaya hiyo na Somalia, vilizimwa kwa maafikiano ya Arusha 1967, wakati wa Egal. Barre alikuja Nairobi 1981 akamwambia Rais Moi kuwa hana dai juu ya ardhi ya Kenya. Kwa wakati huo asingeweza kusema vingine. Alikuwa keshapigwa upande mmoja.

Wengine husema ajali ya gari ndiyo iliyommaliza. Mnaonaje? (Msomaji, Mikindani)

Ajali ilitokea tarehe 23 Mei 1986 karibu na Mogadishu. Aliumia vibaya, akapelekwa Saudi Arabia, akarudi baada ya wiki chache, na Desemba akapigiwa kura peke yake akapata zaidi ya asilimia 99. Mwili ulipona nusu. Ila wiki zile za hospitali ziliwaonyesha wakubwa kuwa mzee atakufa, wakaanza kugombea urithi akiwa hai: upande mmoja makamu wake Jenerali Mohamed Ali Samatar, upande mwingine familia. Haikummaliza yeye. Iliimaliza hofu ya waliomzunguka, na sehemu kubwa ya utawala wake ilikuwa hofu hiyo.

Nimeona picha ya ndege ya vita iliyowekwa juu ya nguzo katikati ya Hargeisa. Ni ya nini? (Msomaji, Likoni)

Ni MiG-17, moja ya aina za ndege zilizoupiga mji huo.

Aprili 1988 Barre na Mengistu, wote wamechoka, walitia sahihi: kila mmoja asiwape hifadhi waasi wa mwenziwe. Kwa Barre ilionekana ni ushindi wa bure. Kumbe SNM, waliokuwa wamejificha Ethiopia, walibakiwa na njia mbili tu, kutawanyika au kuingia. Wakaingia: Burao tarehe 27 Mei, Hargeisa tarehe 31. Mkataba uliokusudiwa kuimaliza vita ndio uliouhamishia moto ndani ya miji.

Majibu ya serikali yaliongozwa na yule mkwe, Morgan. Mizinga iliushambulia mji, na ndege ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe, zikageuka dakika chache, zikaangusha mabomu juu ya nyumba za mji ule ule, zikatua, zikajazwa tena. Baadhi ya marubani walikuwa wageni wa kukodiwa. Sehemu kubwa ya majengo ilibomoka, na mabomu ya ardhini yakaachwa humo. Shirika la haki za binadamu la Africa Watch lilikadiria waliouawa kaskazini kuwa hadi 50,000 au zaidi, na mamia ya maelfu walivuka kwa miguu hadi Hartisheik, Ethiopia. Anayeuliza kwa nini Somaliland ilijitangazia uhuru Mei 1991 na haijarudi nyuma, aanzie chini ya nguzo hiyo.

Utawala wa miaka 21 uliangukaje kwa wiki nne? Na mbona hakuna aliyeupokea? (Wasomaji watatu, Bondeni na Ganjoni)

Wiki nne ni za Mogadishu tu. Kuanguka kwenyewe kulichukua mwaka mmoja na nusu.

Baada ya Hargeisa, Marekani ilibana misaada, na Vita Baridi vilivyokuwa vikiisha viliifanya bandari ya Berbera, ambayo Marekani ilikuwa imeruhusiwa kuitumia kijeshi, ikose bei. Kwa serikali iliyoishi kwa misaada tangu wakimbizi wa Ogaden wa 1978, hiyo ilikuwa mishahara. Tarehe 14 Julai 1989, siku ya Ijumaa, kulizuka ghasia baada ya swala Mogadishu, kufuatia kukamatwa kwa masheikh. Askari wakafyatua risasi. Siku chache baadaye wanaume 47, wengi wao Waisaaq, walitolewa majumbani wakapigwa risasi ufukweni Jasiira. Mei 1990 watu 114 wenye majina, akiwemo rais wa kwanza wa nchi Aden Abdulle Osman, walitia sahihi waraka wa kumtaka Barre akubali mabadiliko. Akawakamata baadhi yao. Tarehe 6 Julai alizomewa uwanja wa mpira mbele ya umma, na Bereti Nyekundu wakaupiga umati risasi. Wakati huo wabaya wake walishaanza kumwita Meya wa Mogadishu, maana huko nje amri yake haikufika.

Mapigano ndani ya mji yalianza tarehe 30 Desemba 1990. Villa Somalia iko mlimani, na mizinga ya huko ilishambulia mitaa iliyo chini yake, hata mitaa ambayo haikuwa imeasi, ikaasi. Usiku wa tarehe 26 Januari 1991 aliondoka kwa msafara wa vifaru kuelekea kusini.

Kuhusu kupokea: mtambo tuliouchora pale juu ulikuwa umehakikisha hapana kitu cha kupokea. Kwa kawaida dikteta akiondoka, jeshi hubaki. Mkuu wake hutoka redioni akatangaza kamati. Somalia haikuwa na jeshi tena, ilikuwa na wanaukoo wenye sare, na kila mmoja alirudi kwao na bunduki yake. Vyama vya SNM, USC na SPM cha Waogaden viliafikiana kabla kwamba vingekaa pamoja kuunda serikali. Siku chache baada ya Barre kukimbia, kundi moja la USC likamwapisha Ali Mahdi Mohamed, mwenye hoteli, bila kuwangoja wengine, hata Jenerali Mohamed Farah Aidid wa USC hiyo hiyo. Novemba wawili hao waligawana mji kwa mizinga.

Majirani zetu Wabarawa na Wabajuni walikuja na mashua 1991. Wao hawakuwa na jeshi wala chama. Mbona waliumia kuliko wenye bunduki? (Msomaji wa kike, Kisauni)

Kwa sababu hiyo hiyo, dada yetu. Mfumo wa koo una kinga moja: ukimwua mtu, ukoo wake utalipiza. Mbarawa msema Chimwini, Mbenadiri wa Hamar Weyne, mtaa wa kale wa Mogadishu, na Mbajuni wa visiwa vya Kismayu hawakuwa na wa kuwalipizia, na walikuwa na maduka, dhahabu na vyombo vya bahari. Askari wa Barre waliokuwa wakirudi nyuma walipita Barawa wakapora. Waliowafukuza wakapita, wakapora kilichobaki. Vita viliporudi, waporaji nao wakarudi.

Mkono wa serikali ulikuwa umeshawafikia mapema. Wakati wa Dabadheer, 1975, wafugaji zaidi ya 90,000 walisafirishwa kwa ndege na malori ya Kirusi kutoka kaskazini hadi kusini. Wengine walipewa mashamba Dujuma, Sablaale na Kurtunwaarey. Wengine, watu ambao hawajawahi kula samaki, walifanywa wavuvi, na Barawa ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo. Wengi walitoroka wakawarudia ngamia.

Mombasa ilifungua kambi Utange, Jomvu na kwingineko, na Malindi kukawa na Marafa. Zilifungwa miaka ya katikati ya 1990. Wengine walipelekwa Dadaab na Kakuma, Wabenadiri wengi wakachukuliwa Marekani, na wengine ndio hao majirani zako. Na Agosti 1992, njaa ya Somalia ilipokithiri, ni uwanja wetu wa ndege wa Moi ndio uliotumiwa na ndege za kijeshi za Marekani kupeleka chakula.

Mwisho wake ulikuwa wapi? Alipita Kenya? (Msomaji, Mtwapa)

Alipita. Kwanza alijichimbia Gedo, kwa Marehan, akajaribu kurudi Mogadishu, na Aprili 1992 watu wake wakasukumwa hadi mpakani. Mwisho wa mwezi huo alivuka Kenya, akakaa Nairobi kama wiki mbili huku wapinzani wa serikali wakipiga kelele atolewe. Tarehe 17 Mei alipelekwa Nigeria. Alifia Lagos tarehe 2 Januari 1995, akarudishwa kuzikwa Garbaharey, Gedo. Ndio mji alioutaja alipokwenda kuandikishwa polisi wa Waitaliano, kwa vile ilibidi mtu awe mzaliwa wa upande wao; mama yake, wengi husema, alimzalia Ogaden.